O, Ritifaa, Halafu D Kubwa

Randburg, Jumamosi alasiri

Tumaini mwanangu,

Bado uko Berea kwa Mama Furaha, kichwa kimeinamishwa, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama, na namjua yule Mkongo, hatakuachia mpaka amalize habari zote za Lubumbashi. Vizuri. Nimepata nafasi ya kukuandikia bila wewe kupita nyuma yangu ukiuliza naandika nini. Baba yako yuko sebuleni na sanduku lako. Analipandisha kwenye mzani, analishusha, anatoa kiatu, anakirudisha. Mambo ya koti zito, ya dawa za mafua, ya kutompa mtu nambari yako ya siri ya benki, nimemwachia yeye. Kwa maonyo yeye ni fundi. Mimi nataka tuzungumze jambo moja tu, jina lako la ukoo, kwa sababu kesho unapanda ndege kulipeleka kwao, na moyo wangu unanidunda tangu asubuhi kama vile msafiri ni mimi.

Naandika Kiswahili makusudi. Najua unakisikia kuliko unavyokisema, na kukisoma ndiyo kabisa, unakwenda kama mtu anayevuka barabara isiyo na robot, zile taa za kuongozea magari. Ukikwama, soma kwa sauti. Lugha hii haina hila, kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Ningekuwa nimeolewa na jina la namna hiyo nisingekuwa na barua ya kuandika leo.

Nilimjua baba yako kwa jina la Sipho. Hilo umelisikia juu juu, lakini siku yenyewe ilivyokuwa hujaisikia. Nilikuwa nashona kwenye duka la mjomba wangu pale Morogoro mjini. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na makazi yao nje ya mji, na vijana wao walikuja kwetu kupunguziwa suruali. Baba yako alipunguziwa suruali nyingi sana mwaka ule. Mjomba alikuwa akisema huyu kijana ama anakonda haraka, ama ana lake jambo.

Siku moja alikuja mchana bila suruali wala shati mkononi. Akavuta kigoda, akakaa karibu na cherehani yangu.

“Rehema, tunarudi nyumbani. Njia imefunguliwa. Nataka twende wote.”

Kabla sijajibu akainua mkono. “Subiri. Kwanza ujue jambo moja. Mimi siitwi Sipho.”

Nikaweka mkasi chini. “Una mke.”

“Sina mke!”

“Una mke, na ndiye anayejua jina lako.”

“Rehema, anayejua jina langu ni mama yangu.” Akanieleza kwamba wote kule kwao makazini walipewa majina mengine walipovuka mpaka, ili polisi wa nyumbani wasiende kuwasumbua wazazi wao. Sipho lilikuwa jina la kazi. “Naitwa Gerald,” akasema. “Gerald O'Donoghue.”

“O nani?”

Akachukua chaki yangu ya kushonea, akaliandika juu ya kitambaa cha bluu nilichokuwa nakata. Nikalisoma kama nilivyofundishwa kusoma, herufi moja baada ya nyingine, sikuiruka hata moja. Akacheka mpaka akashika meza ya cherehani. Nikamuuliza ile alama ndogo iliyoning'inia juu, baada ya O, ni kitu gani. Akasema ni apostrofi.

“Hiyo ni ritifaa,” nikamwambia. “Kama ya ng'ombe.”

“Ya ng'ombe?”

“Ndiyo. Na ya kung'oa. Ukiitoa ritifaa kwenye ng'oa unabaki na ngoa, na ngoa ni wivu. Kitone tu hicho, lakini mtu aliyekuwa anang'oa muhogo ghafla anaona wivu.”

Baba yako akalitazama jina lake pale kwenye kitambaa kana kwamba na yeye alikuwa analiona mara ya kwanza. Akasema, “Basi usije ukaniondolea.” Nikamwambia sitaondoa. Hiyo, Tumaini, ndiyo posa yenyewe. Pete ilikuja baadaye sana.

Babu yako wa Morogoro, Mzee Mkude, ndiye aliyetaka maelezo zaidi. Alimtazama baba yako rangi, akamtazama nywele, akaniuliza mimi, “Huyu si Mzungu. Jina la Kizungu kalitoa wapi?” Baba yako akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha makazini, “Mzee, babu wa baba yangu alitoka Ayalandi kuja Johannesburg kuchimba dhahabu. Akaoa kwetu. Akaacha watoto, akaacha na jina.”

“Na dhahabu?”

“Dhahabu hakuacha, mzee.”

Babu yako akacheka mpaka akafuta macho, na mambo yakaishia pale.

Nilifika Johannesburg nikiwa na jina nisiloweza kulitamka. Ouma, mama yake baba yako, alitupokea mlangoni Bosmont na aproni yake. Alimkumbatia mwanawe muda mrefu sana. Kisha akanishika mimi mabega. “Sema jina lako, mwanangu.”

“Rehema.”

“Lote.”

“Rehema Odo... Odonogu.”

“Hapana. O, halafu Donahu. Nguvu weka kwenye Do. Mwishoni puliza kidogo, hu, kama unampuliza mtu vumbi begani.”

Ndivyo nilivyoingia nyumba ile, nikipuliza vumbi. Jikoni kwake ndiko nilikosoma jina hili. Ouma alikuwa amejifunza kwa padri mmoja Mwairishi wa parokia yao ya zamani, na alipenda kufundisha huku anakata vitunguu. Aliniambia kuna watu watanieleza kwamba O hiyo ni kifupi cha “of” ya Kiingereza. Wanabahatisha. Ni neno zima la Kiairishi, maana yake mjukuu, mtu wa uzao wa fulani. Kulikuwa na mtu zamani sana, Donoghue, na sisi ni wajukuu zake. Makarani wa Kiingereza ndio waliobandika ritifaa pale wakidhani kuna kitu kimekatwa, na imebaki hapo hapo mpaka leo. Kwa hiyo kwa Kiingereza huandikwa hivi: O kubwa, ritifaa, halafu D kubwa, pasipo nafasi katikati. Ukiandika d ndogo umemfanya babu mwenyewe kuwa mdogo. Ukiacha nafasi umemtenga mjukuu na babu yake.

“Na ukiitoa O kabisa?” nilimuuliza siku moja.

Ouma akaacha kukata vitunguu. Ndipo aliponieleza habari za Leonard.

Babu yako Patrick, mume wa Ouma, alikuwa na ndugu yake mmoja wa kiume, Leonard. Baba mmoja, mama mmoja. Ila Patrick alizaliwa na rangi ya chai na Leonard rangi ya maziwa. Serikali ya ubaguzi ilipoanza kuwagawa watu kwa rangi, Leonard aliomba aandikwe mzungu, na akaandikwa. Akahamia upande mwingine wa mji, kwenye mitaa ambayo ndugu yake asingeruhusiwa kupanga hata chumba. Akaitupa O, akaitupa na g, akawa Donohue, ili mtu asiyaone majina yale mawili akauliza maswali. Patrick alipofariki, Leonard hakuja kuzika.

“Alilipunguza jina apate kupita mlangoni,” Ouma akasema. “Sisi tukabaki nalo zima, nje.”

Akarudi kwenye vitunguu vyake. Sikuuliza tena kuhusu Leonard, lakini tangu siku ile nilianza kuiandika ritifaa yangu kwa nguvu, mpaka karatasi inatoboka.

Unaijua kazi yangu ya Fordsburg, kudarizi majina kwenye sweta za shule na maovaroli ya watu wa kampuni. Niliingia kwenye kazi hiyo nikijidai. Nilidhani mtu aliyeishinda O'Donoghue hawezi kushindwa na jina lingine lolote hapa mjini. Wateja nao walinichekesha. Yule Mkenya aliyeuza viatu duka la pili, aliposikia nikiitwa Missis O'Donoghue, alikuja mbio kunisalimia kwa Kijaluo. “Odonahu! Nyinyi ni wa Siaya ama Kisumu?” Nilipomwambia ni wa Ayalandi alikataa kabisa. Alisema jina linaloanza na O ni la kwao, na hao Waairishi waseme walilipata wapi.

Sasa nakuja kwenye siku ninayotaka uikumbuke vizuri, maana wewe mwenyewe ulikuwa na miaka minane na nadhani umebaki na keki tu kichwani.

Ouma alikuwa anatimiza miaka themanini. Niliamua kumdarizia kitambaa kikubwa cha kutundika uani, kijani, uzi wa dhahabu, herufi urefu wa kiganja: THE O'DONOGHUE'S. Nilikishughulikia wiki nzima baada ya kazi. Nilipomkunjulia Ouma, siku ya kuamkia sherehe, akavaa miwani, akasoma, akageuza kichwa upande.

“Rehema, ni kizuri sana. Lakini ya O'Donoghue nini?”

“Vipi, Ma?”

“Umeweka ritifaa kabla ya S. Maana yake kuna kitu cha O'Donoghue. Mbwa wake? Paa lake? Sisi ni watu wengi tu. Watu wengi unaongeza S, basi. Ritifaa moja inatutosha.”

Mimi, niliyekuwa nimejidai na ritifaa kuanzia Morogoro! Nilicheka kwa aibu, na yeye akacheka kwa raha, tukakaa wewe na mimi na Ouma barazani tukifumua uzi wa dhahabu, na ulipomaliza kufumua uliuvaa kidoleni kama pete.

Kesho yake ulijipa kazi ya getini. Hakuna aliyekutuma. Ulichukua stika na kalamu nene, kila mgeni akifika unamuuliza jina, unaandika, unambandikia kifuani. Shangazi zako walioujua uso wako tangu uzaliwe walilazimika kusema majina yao kamili ndipo waingie. Nilikuwa naandaa pilau karibu na ukuta, nasikia kila kitu.

Akaja mzee mmoja peke yake, Mzungu, suti ya kahawia, ameshika kofia. Akasimama nje ya geti. Hakuingia.

“Jina lako?” ukamuuliza.

“Leonard,” akasema.

“Leonard nani?”

Akaizungusha kofia mkononi. “Donohue.”

Kijiko kilinianguka. Wewe ukaanza kuandika, ukasita, ukamtazama. “Uncle, umesahau O.”

“Langu halina O, msichana.”

“Hapa wote tuna O,” ukamwambia, na wala hukusema kwa ubaya, ulisema kama mtu anayemgawia mwenzake soda. “Nitakuwekea.” Ukaandika herufi kubwa za kuinama, O, ritifaa, D kubwa, ukafuata mpaka mwisho bila kukosea, ukajinyoosha kwa vidole vya miguu ukambandikia kwenye koti.

Mzee yule alikitazama kifua chake. Kisha akatoa leso. Ukageuka ukaniita, “Ma! Uncle analia, nimekosea spelling?”

Nikaja nikamshika mkono, maana sikujua la kufanya lingine. Tulipofika uani watu wakanyamaza mmoja mmoja. Ouma alikuwa ameketi chini ya kile kitambaa cha kijani. Alisoma stika kwanza. Ndipo akainua macho.

“Leonard.”

“Dorothy. Nilisikia kanisani kwamba unatimiza themanini. Sikujua kama nina haki ya kuja.”

“Huna,” Ouma akasema. “Lakini umeshaandikwa. Kaa pale karibu na Gerald. Rehema, mpe mzee pilau, mtie na nyama.”

Alikaa. Baba yako hakumsemesha kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa namtazama taya lake likitembea. Halafu akamsogezea kachumbari. Mpaka jioni walikuwa wameinamia meza moja, na mzee Leonard ndiye aliyetuambia kitu ambacho Patrick alikufa bila kutuachia, kwamba yule babu mchimba dhahabu alitoka upande wa Kerry, kusini magharibi ya Ayalandi, mahali penye maziwa na milima. Ni yeye aliyewasha moto huu. Tangu siku ile ulianza kuitafuta Kerry kwenye ramani ya shule, na sasa hospitali ya huko huko imekuajiri.

Alikuja Jumapili nyingi baada ya hapo. Lakini nikwambie na hili, kwa sababu utakutana nalo. Alipofariki, wanawe walimwandika kaburini Donohue, bila O. Wewe ulikasirika sana. Uliniuliza mbona wamemtoa tena. Nikakujibu vibaya, nilikwambia nyamaza, hayo ni mambo ya wakubwa. Jibu lenyewe nimelipata miaka mingi baadaye kwenye kazi yangu ya kudarizi. Kuna Donoghue, kuna Donohue, kuna Donahue, kuna wenye O na wasio nayo, na kila mmoja ana njia iliyomfikisha pale. Jina la mtu huandikwa kama mwenyewe anavyoliandika. Ulimwongezea Leonard O ukiwa mtoto na ilikuwa zawadi. Ukiwa mkubwa muulize kwanza, halafu umwandikie alivyosema, hata kama kitabu kinasema vingine. Na wewe udai hivyo hivyo kwa lako.

Ulishawahi kutaka kuliacha, nakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na nne. Mwalimu mpya alikuwa anaita majina darasani, akafika kwako akajikwaa, “Tumaini Odo... Odonog... wewe, simama tu.” Wenzako wakacheka. Mmoja akauliza kama umeasiliwa na Wazungu. Ulifika nyumbani ukatupa begi.

“Ma, nataka kutumia jina la babu wa Morogoro. Tumaini Mkude. Watu watalisema, kwisha.”

Eish, mwanangu, nilifurahi. Sitakuficha. Jina la baba yangu, hapa Johannesburg, juu ya vyeti vya mwanangu! Nilitaka kusema ndiyo pale pale. Nikamtazama baba yako. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

“Chukua lile unalotaka,” akakwambia. “Mimi nimeishi miaka na jina ambalo si langu. Linakaa vizuri tu, kama kiatu cha kuazima. Unatembea, unakimbia. Siku unapofika nyumbani ukakivua ndipo unajua kilikuwa kinabana.”

Nami nikakwambia lala nalo siku chache, uamue hasira zikishuka. Wiki ile ile ulirudi shule ukitabasamu upande mmoja wa mdomo. Ulikuwa umemwendea mwalimu kabla ya kipindi, ukamfundisha. O, halafu Donahu, puliza mwishoni. Mwalimu mwenyewe akaomba darasa zima lirudie, na darasa likarudia kama kwaya. Ulikuwa unaniigizia ukiwa umesimama juu ya kochi langu na viatu. Sikukugombeza.

Utakutana na kompyuta pia. Mwaka huu tumeziona. Ulikuwa unajaza maombi ya kazi, ukaniita, “Ma, njoo uone, imesema nina herufi isiyokubalika.” Tukacheka, lakini nilikuona umeumia kidogo. Tiketi yako imekuandika ODONOGHUE, neno moja refu kama treni. Iachie mashine ya ndege, haijui kitu. Mahali penye mtu, mwambie mtu. Wakikukosa kwenye O kwenye orodha zao, waambie watazame kwenye D. Na pale kalamu ikiwa mkononi mwako, andika yote, usiwe na haraka.

Sasa subiri nikupe habari ya leo, nimekuwa nikiishikilia kama mtu aliyebana maji mdomoni. Asubuhi ulipokuwa umekwenda Fordsburg kununua viungo vya pilau vya kubeba, simu yangu ililia. Nambari ndefu. Mwanamke, sauti ya kuimba imba.

“Naomba kuzungumza na Missis O'Donoghue.”

“Ndiye mimi. Rehema O'Donoghue.”

“Umelitamka kama mtu wa hapa kwetu!”

Ni Nora, mwenye nyumba utakayokaa. Alitaka kuhakikisha saa ya ndege yako. Tulianza na saa ya ndege, tukamaliza, na hakuna aliyekata simu. Akaniuliza jina tumelipata wapi, nikamsimulia habari ya mchimba dhahabu. Akasema kule kwao ukiita jina hilo kwenye foleni ya duka, nusu ya foleni itageuka. Halafu akanifundisha kitu ambacho hata Ouma hakukijua. Kwa Kiingereza mume, mke na binti wote ni O'Donoghue, hapana tofauti. Lakini kwa Kiairishi chenyewe, Ó ni ya mwanamume. Haina ritifaa, ina mkwaju mdogo juu ya kichwa chake na nafasi baada yake. Mke ana neno lake, Uí. Na binti ana lake, Ní.

“Kama sisi na bin na binti!” nikapiga kelele.

Akasema basi Tumaini kwa Kiairishi ni Tumaini Ní Dhonnchadha. Alinitumia na maandishi. Akaniambia nisijali kulitamka, sauti zake zinawashinda wageni wote, wanaosema Kiingereza hawana kabisa ndimi za kazi hiyo. Nikamwomba aliseme mara moja zaidi. Nikasikiliza. Tumaini, nilisikia gh. Gh ya ghali, gh ya ghafla, yenyewe kabisa! Na nyuma yake kh, ile ya kheri.

“Nii Ghonakha,” nikasema.

Nikasikia Nora akiweka kikombe chini.

“Sema tena,” akasema taratibu.

“Nii Ghonakha.”

“Mungu wangu. Umejifunzia wapi?”

“Morogoro,” nikamwambia. “Shule ya msingi.”

Alicheka, nikacheka, akamwita mumewe aje asikie, nikamsemea na mumewe. Wakanipigia makofi kutoka Kerry. Baba yako alitoka bafuni na povu mashavuni kuuliza kuna nini. Na kabla ya kuaga Nora akaniuliza kwa upole, “Na Tumaini, tunalitamkaje? Sitaki mtoto afike hapa tumkosee.” Nikamfundisha. Mara ya kwanza akasema Tumeni. Mara ya pili Tumaani. Mara ya tatu alilipata, i yake na yote, akauliza maana yake, nikamwambia. Akalirudia mwenyewe kimya kimya, nikamsikia.

Kwa hiyo nimetulia, mwanangu. Nilikuwa najiandaa kukuandikia barua ya mama mwenye wasiwasi, na tazama nilivyoandika. Watu watakutazama kule. Watasoma jina kwenye orodha ya zamu wodini, watainua macho wamtafute mtu wa namna fulani, watakuona wewe na nywele za Mama Furaha. Wengine watauliza kwa furaha na wengine kwa ukorofi, na utawatambua mapema, una macho ya Ouma. Huna deni la maelezo kwa kila anayeuliza. Siku ukiwa na nguvu simulia. Siku ukiwa umechoka, sema “ni la baba yangu,” uendelee na kazi.

Nafunga sasa, nasikia mlango ukigongwa. Mungu akushike mkono angani na ardhini, akupe wagonjwa wanaopona na marafiki wanaopika. Hapa Johannesburg, jina hilo likiitwa, umezoea kuwa peke yako unayeinuka na ukumbi mzima kukutazama. Kule likiitwa watainuka wengi. Inuka nawe.

Niliyekuzaa, na ambaye simu yake haizimwi,
Mama
Rehema O'Donoghue